Gari kwetu: kwanza lori, kisha jipu, na bei yake

MABALAKO – Mbele ya kuzungumzia jipu za wakati wa Ebola, turudi nyuma kidogo. Kwetu gari haikuanza kuwa heshima kwa sababu ya viti vizuri. Ilikuwa heshima kwa sababu ya mizigo.

Wakati wa Wabeleji, gari ilikuwa ya mzungu wa shamba, ya misioni na ya serkali. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Mali nyingi ilienda kwa wakubwa wa siasa. Wafanyabiashara wa Butembo na Beni walipanda kwa njia yao: walinunua lori. Mboga na maharagwe vikaenda Kisangani, kahawa ikaenda Uganda. Mwenye lori aliitwa mukubwa, na ilikuwa haki, kwani lori ililisha shofeli, wapakiaji na jamaa zao. Barabara zilipoharibika, wafanyabiashara wa Butembo wakachanga feza kuzitengeneza. Basi walinunua gari, kisha wakanunua na barabara.

Gari ndogo zilikuja baadaye, nyingi zikiwa zimekwisha kutumiwa Japani. Usukani wake uko kuume, na sisi Kongo tunatembea kuume. Shofeli akitaka kupita lori anamwuliza abiria wake kama mbele kuko salama! Bei ya kununua ni mwanzo tu. Kuna safari ya kutoka Mombasa, duane ya Kasindi, plaka, na barieri zisizokwisha. Kisha matope yanakula mapine.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, ikianzia hapa Mangina. Riposti ikakodi gari nyingi, ikilipa kwa dola. Tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wanachinjwa upande wa Beni, na misafara kama ile hatukuiona. Mtu aliyezika ndugu zake akiona jipu zikipita kwa mstari, aliuliza: hawa wamekuja juu ya nani? Gari ikawa alama ya feza ya wengine, na nyingine zikapigwa mawe. Nafikiri hasira ile ilieleweka, hata kama ilizuia waganga kufika kwa wagonjwa.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Riposti ikaondoka na dola zake. Aliyenunua jipu akitegemea kukodisha alibaki na jipu, na deni kama alikopa.

Mwaka 2024 bei ya kakao huko New York ilipita dola 10,000 kwa tani moja. Kakao ndiyo feza ya Mangina, na mwaka ule mwenye shamba aliweza tena kuota gari. Lakini wakulima wanauawa mashambani, na kwenye barabara ya Beni–Kasindi gari zimechomwa na mizigo yake. Mtu huyo hahesabu kwanza bei ya jipu. Anahesabu kama kesho atafika shambani na kurudi.