Kaposi: saratani iliyoficha chanzo chake kwa miaka 122

Mwaka 1872 daktari wa ngozi wa Vienna, Moritz Kaposi, aliandika habari za wagonjwa watano waliotokwa na vivimbe vya rangi ya zambarau. Aliitambua kuwa saratani na kuipa jina refu, ila chanzo chake hakukijua. Ulaya ulibaki ugonjwa wa wazee wachache.

Uganda mambo yalikuwa mengine. Daftari la saratani lililofunguliwa Kampala miaka ya 1950 lilionyesha kuwa huko ugonjwa huu si wa nadra hata kidogo, na mwaka 1961 wataalamu wakakutana mjini humo kuujadili. Madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, walikuwa wakipokea wanaume wenye vivimbe vyeusi miguuni, vya kukua taratibu kwa miaka, na pia watoto waliovimba mitoki. Wapo waliohisi kuna kiambukizi. Hakuna aliyekishika.

Ukaja UKIMWI. Mwaka 1981 Kaposi ikazuka kwa vijana wa New York na California. Mwaka 1983 daktari wa upasuaji Anne Bayley akaona Lusaka kwamba ugonjwa aliouzoea umegeuka, unashika vijana na kuua upesi. Wengi wakailaumu VVU. Lakini mwaka 1990 Valerie Beral na wenzake walionyesha kuwa mashoga wenye UKIMWI waliipata mara nyingi kuliko wagonjwa wa hemofilia (damu kutoganda) walioambukizwa VVU kwa damu. Kama VVU pekee ndiyo chanzo, tofauti hiyo imetoka wapi?

Jibu lilipatikana mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Columbia, kwa mke na mume, Yuan Chang na Patrick Moore. Walichukua vinasaba vya kivimbe na vya nyama nzima ya mgonjwa yuleyule, wakaondoa vyote vilivyofanana, kama mtu anayepepeta mchele mpaka zibaki chuya tupu. Vilivyosalia ni vipande viwili vidogo ambavyo havikuwa vya binadamu. Walipovitafuta katika sampuli 27 za Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, wakavikuta katika 25. Kilikuwa kirusi kipya cha jamii ya herpes, cha nane kwa binadamu. Haukupita muda kikaonekana hata kwa Waafrika wenye Kaposi wasio na VVU: kitendawili cha Mulago kikateguliwa.

Mwaka 1996 jeni zake zikasomwa, na hapo ndipo ujanja wake ulipofichuka. Kirusi hiki kimebeba jeni zilizoibwa kwa binadamu, zikiwamo za kuchochea seli zigawanyike na kuzizuia zisife. Kwa maoni yangu, sifa isiishie Columbia. Waliojaza daftari la Kampala nao wana fungu lao.

Chanjo ya kirusi hiki bado haipo. Kinaenea zaidi kwa mate, na kwetu wengi hukipata utotoni, ingawa wengi wao hawaugui kamwe. Kwa mwenye VVU, dawa za ARV peke yake huweza kuvifanya vivimbe vinywee vikiwahiwa. Ukiona doa jeusi lisilouma wala kupona, mguuni au ndani ya kinywa, nenda hospitali, na ukubali kupimwa VVU.