Mbweni: Bweni la Wasio na Kwao

Sikio la mpenda shairi haliwezi kulipita jina la Mbweni bila ya kulisikia ndani yake neno bweni. Hatudai kuwa hiyo ndiyo asili ya jina. Yumkini ni sadfa tu. Lakini sadfa hiyo yatosha kutufungulia kisa. Pale ufukweni, kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, yamesimama magofu ya skuli ya bweni ya wasichana: kuta za mawe na chokaa, matao yaliyobaki wazi, na juu yake hakuna paa.

Mwaka 1871 Askofu William Tozer, wa misheni ya Kiingereza iliyojulikana kwa herufi za UMCA, alilinunua shamba la Mbweni. Jengo jipya likainuliwa kando ya nyumba ya kale iliyokuwapo, na mwaka 1874 wasichana wakaingia. Baina ya miaka hiyo lilitokea jambo zito. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa mjini likafungwa. Biashara, hata hivyo, haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kuvuka kwa siri, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mkataba haukulijibu. Mtoto wa kike aliyenyakuliwa bara akiwa mdogo, akapitishwa mikononi mwa wengi hadi kutupwa ndani ya jahazi, akishakombolewa arudishwe kwa nani? Wengi walitoka kwa Wayao, kwa Wamakua na kwa watu wa Nyasa. Njia ya kurudi ilikuwa ni ile ile iliyojaa watekaji. Mbweni ikawa jibu la swali hilo, jibu lenye heri na lenye kasoro zake.

Mwaka 1877 alifika Caroline Thackeray, wa ukoo mmoja na mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Aliiongoza skuli hadi mwaka 1902, na hata alipostaafu hakuondoka. Alifia Mbweni mwaka 1926. Chini yake wasichana walijifunza kusoma, kuandika na hesabu. Walioonekana wepesi wa masomo walilelewa wawe walimu. Wengine walielekezwa kwenye ushoni, upishi na udobi. Na wote walitazamiwa jambo moja: kuwa wake wa vijana waliosomeshwa katika chuo cha Kiungani. Hatuna budi kulisema hili waziwazi. Msichana aliyeokolewa na mikono ya muuza watu aliingia katika nyumba ambayo nayo ilimpangia kazi yake na mume wake, ikampa na jina jipya la ubatizo. Jina aliloitwa na mamaye, mara nyingi, halikuandikwa popote.

Lakini wako walioacha alama. Lucy Magombeani wa Mbweni aliolewa na Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye mwaka 1886 alikwenda kuhudumu Chitangali, kusini ya Tanganyika, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Historia humtaja mume kwa kirefu. Mke hutajwa kwa mstari mmoja.

Na hapa ndipo wapenzi wa lugha tunapopaswa kutua. Askofu Edward Steere, aliyemfuatia Tozer, aliipa lugha yetu nafasi ya mbele: katika masomo, katika ibada na katika kiwanda cha chapa. Watoto waliofika Mbweni na lugha mbalimbali walikutana katika Kiswahili, nacho kikawa lugha ya mchezo, ya ugomvi na ya siri za usiku bwenini. Walipoolewa wakapelekwa Magila, Masasi na kwingineko, walikwenda nacho. Tumezoea kusema kuwa Kiswahili kilipelekwa bara na misafara ya biashara, na ni kweli. Ila tuongeze: kilipelekwa pia na wanawake vijana waliobeba watoto mgongoni na kitabu mkononi, wakiirudia njia ile ambayo walishushwa pwani kwa kamba.

Skuli ilikwisha, na jengo likaachiwa mvua na mizizi. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu mwaka 1882, lingali pale jirani, na uani mwake limo kaburi la Bibi Thackeray, lenye jina lake. Makaburi ya wanafunzi wake yametawanyika nchi nzima. Anayekwenda Mbweni asome jina lile moja, kisha asimame kidogo chini ya matao, awakumbuke wasioandikwa.