Tawi likifutwa, kazi haifi siku hiyo hiyo

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Hapa Ilembula mgonjwa akienda Hospitali ya Kilutheri anategemea kumbukumbu zake zisipotee. Popote hospitali inapotunza kumbukumbu kwa kompyuta, kuna watu walioandika programu hiyo. OpenMRS, kwa mfano, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na waandishi wake wametawanyika nchi nyingi. Sasa mmoja akifuta kazi ya wenzake kwa bahati mbaya, inakuwaje?

Turudi nyuma. Aprili 2005 Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha Linux, alianza kuandika Git baada ya wenye BitKeeper kusitisha matumizi ya bure kwa waandishi wa Linux. Ndani ya Git kila hatua ya kazi ina namba yake ya herufi 40. Tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye hatua ya mwisho. Ukilifuta umeng'oa kibao, barabara bado ipo.

Ila kibao kiling'oka kirahisi mno! Mwanzoni, kufuta tawi kwenye seva ya pamoja kulitaka nukta mbili mbele ya jina: git push origin :jina. Neno --delete lilikuja na toleo 1.7.0, mwaka 2010.

Novemba 10, 2013 mmoja wa waandishi wa Jenkins aliwasha programu kwenye kompyuta yenye nakala za zamani. Matawi ya hazina 186 yakarudishwa nyuma, kazi mpya za wenzake zikatoweka machoni. Zilirejeshwa kwa msaada wa GitHub, kwa sababu namba za hatua zilipatikana.

Somo ni hilo: anayeokoa ni mwenye namba. Kompyuta yako huziandika kwenye daftari liitwalo reflog, na kazi iliyobaki nje ya tawi kwa kawaida hukaa humo siku 30. Hazina ya pamoja kwenye seva, kwa mpangilio wa kawaida wa Git, haiweki daftari hilo. Kwa hiyo waulize wenzako kwanza, nakili namba, kisha tumia git branch -d, inayogoma kama kazi haijaunganishwa. Herufi kubwa -D haigomi. Ukijuta, andika git branch jina namba, halafu sukuma tena kwenye seva.

Kwenye kazi ya pamoja, usalama ni nakala iliyo kwa mwenzako. Ndiyo maana mtu asifute kimya kimya.

Naomba kuwakilisha.