Ua jeupe lililotia sumu maziwa

Katika misitu yenye unyevu na kivuli ya mashariki mwa Marekani huota mmea wa jamii ya alizeti, wenye vishada vya maua madogo meupe. Wataalamu huuita Ageratina altissima.

Walowezi waliohamia bonde la mto Ohio mwanzoni mwa karne ya 19 hawakuwa na malisho ya kutosha, hivyo waliwaachia ng'ombe wao wajitafutie msituni. Ng'ombe waliokula mmea huo walitetemeka. Watu waliokunywa maziwa yao walitapika na kuishiwa nguvu, na wengi wakafa. Vijiji vingine vikahamwa kabisa.

Tarehe 5 Oktoba 1818, huko Indiana, maradhi hayo yalimuua Nancy Hanks Lincoln, mwenye umri wa miaka 34. Mwanawe Abraham, aliyekuja kuwa Rais wa 16 wa Marekani, alikuwa na miaka 9.

Husimuliwa kuwa huko Illinois mkunga Anna Bixby alionyeshwa mmea huo na bibi mmoja wa kabila la Shawnee, akawahimiza jirani zake waung'oe. Jina la Bixby limehifadhiwa. La bibi huyo, kama ilivyo kawaida ya kumbukumbu za walowezi, halikuhifadhiwa. Wanasayansi nao walichelewa mno: ni mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo mkemia James Couch alipoitenga sumu yenyewe, akaiita tremetoli. Wakati huo malisho yenye uzio yalikuwa yamekwisha kuyapunguza maradhi. Mmea ungali unachanua kila majira ya joto yanapokwisha.