Shokapu na Mguu Wake

Kuna kifaa kimoja cha gari ambacho hadi leo hakijapata jina moja katika maandishi yetu. Fundi wa gereji hukiita shokapu. Katika baadhi ya vitabu huitwa shokomzoba, neno ambalo limo hata katika kamusi. Mfasiri apendaye kuunda maneno kutokana na mizizi ya Kiswahili chenyewe huandika kizuia mshtuko, au kifyonza mshtuko. Naye mtumishi wa Serikali anayeandaa orodha ya vipuri aghalabu huyachanganya majina mawili au matatu katika ukurasa mmoja, akitumaini kwamba muuza vipuri ataelewa. Hatukusudii hapa kuamua ugomvi wa ladha baina ya wapendao kutohoa na wapendao kuunda. Ugomvi huo ni wa kale kuliko Baraza lenyewe, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, wala hautakwisha katika makala haya. Tunakusudia kuonyesha kwamba majina hayo yana historia, na kwamba mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kumvunja mtu taya.

Jambo hili lilitudhihirikia Pangani. Hatusemi Pangani ya mdomo wa mto, katika Mkoa wa Tanga, ambayo kila mwanafunzi wa historia ya pwani anaijua. Tunasema kata ya Pangani iliyo Kibaha, Mkoa wa Pwani. Kibaha si ngeni kwa habari za magari. Ndiko kiwanda cha TAMCO kilikokuwa kikiunganisha malori ya Scania, na ndiko liliko shirika la Nyumbu, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985 ili nchi iweze kubuni na kuunda magari yake yenyewe. Basi haishangazi kuwakuta huko mafundi wenye mikono mizuri na msamiati mpana.

Chini ya mwembe, katika gereji isiyo na kuta, tulilikuta gari la spoti la zamani, Datsun 240Z, likiwa limeinamia upande mmoja. Fundi alilikandamiza kwa mikono miwili kwenye pembe ya mbele, kisha akaliachia. Gari lilipanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena.

"Shokapu zote nne zimekufa, mzee," alituambia.

Tuliliandika neno hilo, zimekufa, kwa sababu lilitukumbusha jambo ambalo tutalirudia punde.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya kifaa chenyewe, maana hapo ndipo tafsiri nyingi zinapopotea. Gurudumu linapoingia shimoni, kinachopokea pigo ni springi. Springi hujibana, ikahifadhi nguvu ya lile pigo, kisha ikairudisha. Ikiachwa peke yake itairudisha mara nyingi, na gari litaendelea kudunda muda mrefu baada ya shimo kupita. Matairi yataruka juu ya barabara badala ya kuishika, na breki hazitafaa kitu kwa gurudumu lililo hewani. Kazi ya shokapu ni kuufifisha mdundo huo. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite katika matundu membamba. Oili hupita kwa taabu, na kwa taabu hiyo nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo shokapu haifyonzi mshtuko hata kidogo. Mshtuko umekwisha kupokelewa na springi. Shokapu inashughulika na yale yanayofuata.

Jina la Kiingereza, "shock absorber", ndilo lililowapoteza watu. Ni jina la soko, nalo limekaa kwa sababu ya kuzoeleka. Wahandisi wa Uingereza wenyewe hupendelea kukiita kifaa hiki "damper", yaani kinachopunguza mtikisiko. Wafaransa husema amortisseur, neno ambalo ndani yake mna mzizi wa kifo: ni kile kinachoufisha mtikisiko. Kwa hiyo fundi wa Pangani aliyesema kwamba shokapu zimekufa alikuwa akitumia, bila kujua, taswira ileile ya Wafaransa, ila kwa kuipindua: kilichokuwa kikiua mdundo sasa kimekufa chenyewe, na mdundo umefufuka. Mfasiri aliyeandika kifyonza mshtuko alidhani anaepuka Kiingereza. Kumbe alikichukua Kiingereza pamoja na kosa lake, akalivika kanzu.

Historia ya kifaa chenyewe inaeleza kwa nini jina limeyumba. Magari ya kwanza yalikuwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama za mikokoteni ya farasi. Vyuma hivyo husuguana vinapopinda, na msuguano huo hupunguza mdundo. Ndiyo maana lori la mizigo la zamani liliweza kwenda bila shokapu na dereva asilalamike sana, au alalamike juu ya mambo mengine. Mwendo ulipoongezeka, msuguano huo haukutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Truffault alibuni kifaa cha sahani zinazosuguana, na Mmarekani Hartford akakifanyia biashara. Baadaye vikaja vya mkono vilivyotumia oili, vya Houdaille, ambavyo Ford aliviweka katika gari lake la Model A lililoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Hatimaye likaja lile umbo la bomba refu ambalo sisi sote tunalijua, na ambalo katika Land Rover ya zamani laonekana wazi likiwa limesimama peke yake kando ya springi. Hapo hapakuwa na utata wowote: springi ni hii, shokapu ni ile, na mtu aweza kuigusa kila moja kwa kidole.

Utata ulianza na Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani. Yeye aliunganisha mambo yaliyokuwa mbalimbali: akaifanya shokapu kuwa nguzo yenyewe inayolibeba gari, akaizungushia springi ya koili, na sehemu ya juu ya nguzo hiyo akaifunga kwenye bodi. Magari ya Ford Consul na Zephyr ya miaka ya 1950 yalitoka na mpango huo. Afrika Mashariki iliuona mapema. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1955 mshindi wake, Vic Preston, aliendesha Ford Zephyr. Ile Datsun 240Z iliyokuwa mbele yetu nayo ina nguzo za namna hiyo katika magurudumu yote manne, na sifa yake katika nchi zetu ni ya Safari hasa: Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kufungana kwa alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine.

Sasa mafundi wetu walifanya nini kwa upande wa lugha? Walifanya lile ambalo wasemaji hufanya siku zote: walichukua jina waliokuwa nalo wakaliongezea mzigo. Nguzo nzima, pamoja na springi yake na kibao chake cha juu, ikaitwa shokapu. Na bomba lililo ndani ya nguzo likaendelea kuitwa shokapu vilevile. Hatuwalaumu. Pwani yetu ilipopokea motokaa haikuona taabu kulipa gurudumu la mkononi mwa dereva jina la usukani, neno la mabaharia lililotoka katika Kiarabu, ijapokuwa gari halielei na chombo cha baharini hakina breki. Maneno ya gereji yaliingia kwa sikio na si kwa kitabu. Spana, jeki, rejeta na klachi yalishikwa na vijana waliosimama kando ya fundi wakimpa vyombo. Tofauti ni kwamba usukani wa jahazi na usukani wa gari havikutani mahali pamoja hata vichanganywe. Shokapu na shokapu hukutana, moja ikiwa ndani ya nyingine.

Na hapa turudi chini ya mwembe. Mwenye gari alikuwa amekuja na karatasi zilizopigwa chapa, tafsiri ya kitabu cha matengenezo, ambayo hatukupata kujua ilifanywa na nani. Kijana anayejifunza kazi alipewa azisome kwa sauti wakati fundi akiinua gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi. Gurudumu lilitolewa, mpira wa breki ukafunguliwa. Kijana akasoma: "Legeza nati ya juu ya kifyonza mshtuko." Akachukua spana, akafungua boneti, akaielekea nati iliyo katikati.

Msomaji asiyeijua kazi hii hana budi kuelezwa. Juu ya kila nguzo ya gari hili mna nati tatu zilizozunguka, na moja katikati chini ya kifuniko. Zile tatu zinaishika nguzo kwenye bodi. Ukizifungua, nguzo nzima hushuka salama. Ile ya katikati inaishika springi isitoke, nayo springi imebanwa kwa nguvu nyingi. Ukiifungua kabla ya kuibana springi kwa kifaa chake maalumu, springi huruka pamoja na kibao cha chuma kilicho juu yake, na aliyeinama hapo ndiye hukipokea. Kwa mujibu wa karatasi ile, kijana hakukosea. Kifyonza mshtuko kilikuwa kimetajwa ukurasa uliotangulia kuwa ni lile bomba la ndani, na nati ya juu ya bomba la ndani ni hiyohiyo ya katikati. Mwandishi wa asili alikuwa na maneno mawili kwa vitu viwili. Mfasiri aliyafanya moja.

Fundi alimshika mkono. "Hiyo acha, mdogo wangu. Tunashusha mguu kwanza."

Mguu! Tulimwuliza, naye akatueleza bila kuona ajabu yoyote: nguzo nzima ni mguu, na kilicho ndani ndicho shokapu. Mguu ukashushwa. Wa nyuma ulikuwa na taabu zaidi, kwa kuwa pini ndefu inayoushika chini ilikuwa imeshikwa na kutu kiasi kwamba kazi ya saa moja ilikula alasiri yote. Wenye magari ya aina hii wanaijua sana pini hiyo na hawaisemi vizuri. Kisha springi ikabanwa, nati ya katikati ikafunguliwa, springi ikatolewa, na nati kubwa inayofunika mdomo wa bomba ikazungushwa kwa mnyororo. Oili iliyomwagika ilikuwa chache, nyeusi, nyepesi kama maji. Mahali pa pistoni ya zamani na oili yake pakaingizwa kifaa kipya kilichofungwa kabisa, na kabla ya kukiingiza fundi alitia oili kidogo ndani ya bomba, ili joto lipate njia ya kutokea nje.

Rai yetu basi ni hii. Shokapu libaki, kwa kuwa linajulikana kutoka dukani hadi barabarani, na libaki kwa kifaa kimoja tu: kile kinachofifisha mdundo. Shokomzoba halina kosa la maana, ila ni refu na halisemwi sana na wale wanaokishika kifaa chenyewe. Kifyonza mshtuko liachwe, na kizuia mshtuko pia. Katika vitabu vya fizikia, mahali panapotakiwa maelezo na si jina la kipuri, yatosha kusema kifaa cha kufifisha mtikisiko. Nguzo nzima iitwe mguu wa shokapu. Twajua watakaosema kwamba mguu ni neno la mitaani. Meza ina miguu tangu zamani, na hakuna karani aliyeona haya kuiandika katika orodha ya samani za ofisi. Afisa ugavi atakayeandika "miguu ya shokapu 4" atapata kitu kimoja, na atakayeandika "shokapu 4" atapata kingine, na bei zake zinatofautiana vya kutosha kumfanya mkaguzi aulize.

Limesalia jambo moja ambalo Pangani haikutupatia jibu. Kile kifaa kipya kilichofungwa, kinachoingizwa ndani ya bomba la zamani, si shokapu kwa maana ya Land Rover, kwani hakiwezi kufanya kazi nje ya mguu wake; wala si mguu. Fundi alikiita "ya ndani", basi. Mwenye duka aliyekiuza alikuwa amekiandikia kwenye boksi neno la Kiingereza ambalo kwa wawindaji maana yake ni risasi. Wasomaji walio karibu na gereji, iwe Mbeya, Mwanza, Mombasa au Unguja, tunawaomba watuandikie jina wanalolisikia huko, pamoja na aina ya gari lililokuwa likitengenezwa.