Gallen-Kallela: Mchoraji wa Ufini aliyeichora ardhi ya Kenya

AKSELI Gallen-Kallela anahesabiwa na Wafini kuwa miongoni mwa nguzo kuu za sanaa yao ya kitaifa. Jambo lisilofahamika na wengi hapa nchini ni kwamba mchoraji huyo, aliyesifika kwa picha za maziwa na theluji ya kaskazini, aliwahi kuishi Kenya na familia yake kati ya mwaka 1909 na 1911, akachora picha zaidi ya 150.

Alizaliwa Aprili 26, 1865, mjini Pori, wakati Ufini ikitawaliwa na Urusi. Jina lake la awali lilikuwa Axel Gallén, lenye asili ya Kiswidi. Mwaka 1907 alilibadilisha rasmi ili liwe la Kifini. Baba yake hakupenda mwanawe awe mchoraji. Baada ya mzee huyo kufariki mwaka 1879, kijana alipata nafasi ya kusomea uchoraji mjini Helsinki, na mwaka 1884 akaenda Paris kuendelea na masomo.

Mandhari yenye hadithi

Aliporejea kwao, alizama katika Kalevala, utenzi uliokusanywa na Elias Lönnrot kutokana na nyimbo za wazee na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1835. Kwa taifa lisilokuwa na dola, masimulizi hayo yalikuwa hati ya kuthibitisha kwamba Wafini ni watu wenye asili na lugha yao. Gallen-Kallela aliyapa sura. Mwaka 1900 alichora picha katika banda la Ufini kwenye maonyesho ya dunia mjini Paris, na walimwengu wakaitambua nchi hiyo hata kabla ya uhuru wake wa mwaka 1917.

Hata pale ambapo hakuna mtu katika picha zake, ardhi yenyewe husimulia. Mfano ni picha ya Ziwa Keitele ya mwaka 1905, ambayo moja ya nakala alizochora imo katika Jumba la Taifa la Sanaa jijini London. Michirizi ya kijivu iliyokatiza maji huonekana kama kazi ya upepo tu. Lakini kwa Mfini, hiyo ni njia ya mashua ya Väinämöinen, shujaa wa Kalevala.

Safari ya Kenya

Mwaka 1908 alikwenda tena Paris, akajiona mgeni katika mitindo mipya iliyokuwa ikishika kasi. Mwaka uliofuata, pamoja na mkewe Mary na watoto wao Kirsti na Jorma, alifunga safari ya Afrika Mashariki, akaweka makao Nairobi.

Jua la Ikweta lilimbadilisha. Mistari yake iliyopangwa kwa utulivu ikawa mipigo ya haraka ya brashi, na rangi zikawa kali: nyekundu ya udongo, manjano ya nyasi kavu, zambarau ya milima ya mbali. Alichora nyika, Mlima Kenya, wanyama na watu. Aliwinda pia, na kukusanya vifaa vya kazi za mikono vya wenyeji.

Ardhi haikuwa tupu

Hata hivyo, nyika zilizomvutia Mzungu kwa ukimya wake zilikuwa na wenyewe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilikuwa imewapa wakoloni uwezo wa kuwagawia walowezi mashamba. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa sehemu za Bonde la Ufa, na wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911, mchoraji aliporejea kwao, mkataba mwingine uliwaondoa huko pia.

Mkaazi wa Kibabii anaweza kulipima jambo hili kwa macho yake. Atakayechora Mlima Elgon na vilima vya Chetambe kama miinuko ya kupendeza tu atakuwa ameacha nusu ya habari, kwani ni Chetambe ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Gallen-Kallela aliijua kanuni hiyo kwao: ziwa la Keitele lina shujaa wake. Ardhi ya Kenya nayo ilikuwa na mashujaa wake, lakini masimulizi yao hakuyalelewa nayo.

Miaka ya mwisho

Baada ya kurejea Ufini alijenga nyumba ya kazi ya Tarvaspää, Espoo, kati ya 1911 na 1913. Katika miaka ya 1920 aliishi Marekani kwa muda. Alifariki Machi 7, 1931, mjini Stockholm, kwa ugonjwa wa nimonia, alipokuwa njiani kurudi nyumbani kutoka Copenhagen alikotoa mhadhara.

Tarvaspää sasa ni makumbusho yenye jina lake. Mkenya anayetaka kuona jinsi nchi yake ilivyopakwa rangi zaidi ya karne moja iliyopita hana budi kuanzia huko Ufini.