Kivungu cha nuru na mwenzake

Kwenye mto Luvua, mkoani Tanganyika nchini Kongo (DRC), kuna kituo cha umeme wa maji cha Piana-Mwanga. Kilijengwa enzi za Wabelgiji ili kuendesha mgodi wa bati wa Manono, uliokuwa wa kampuni ya Géomines. Mswahili akilisikia jina hilo hudaka neno mwanga papo hapo, ingawa majina ya mahali yana asili zake na hayangoji ruhusa ya kamusi. Kinachotupeleka huko ni mawe yaliyosagwa kwa umeme ule. Pamoja na bati, miamba ya Manono ina koltani, na ndani ya koltani mna tantali. Oksidi ya tantali hutumika kutengenezea vioo vya kifaa ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina lililotulia: maikrokaviti ya nuru.

Kifaa chenyewe ni vioo viwili vinavyotazamana, na kati yao nafasi yenye upana wa mawimbi machache tu ya nuru. Vioo hivyo si vya kujitazamia. Kila kimoja ni matabaka ya oksidi ya tantali na silika yanayopokezana, moja juu ya jingine. Kwa nuru nyekundu ya nanometa 650, tabaka la tantali huwa na unene wa nanometa 77 hivi, na la silika 111: robo ya wimbi ndani ya kila mada. Unywele mmoja ni mnene kuliko tabaka hilo takriban mara elfu. Kila mpaka hurudisha nuru kidogo, na vijisehemu hivyo vikirudi kwa hatua moja hujumlishana, hata kioo kizima kikarudisha karibu nuru yote ya rangi ile.

Sasa jina. Tundu halifai, kwani tundu huvujisha. Pango ni kubwa mno, tena ni la giza. Bwawa linavutia, hasa kwa aliyeyaona maji yakizuiwa kisha yakaachiwa yazungushe mitambo, lakini bwawa hupokea maji yoyote yanayokuja. Kifaa hiki huchagua: hukubali rangi inayoenea sawasawa kati ya vioo na kuzikataa nyingine. Lililobaki ni mvungu, neno la kila nyumba yenye kitanda: nafasi tupu iliyopakana na kitu, inayohifadhi kilichowekwa humo. Mvungu mdogo ni kivungu. Kivungu cha nuru, basi.

Kuhifadhi nuru ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitoa. Mwaka 1946 Edward Purcell alionyesha kwamba kasi ya kutoa mawimbi haitegemei chembe peke yake, bali na mahali ilipo. Ndani ya kivungu kidogo kinachoafiki rangi yake, atomu hutoa nuru upesi zaidi. Wazo la kutoa leza wima kutoka kwenye uso wa chipu, kati ya vioo viwili, lilimjia Kenichi Iga huko Japani mwaka 1977. Leo leza za aina hiyo zimo ndani ya vipanya vya kompyuta na simu zinazomtambua mwenyewe kwa sura.

Mbunifu wa kivungu ana mtihani wake. Akiongeza matabaka, nuru inakaa sana lakini inatoka kwa shida. Akiyapunguza, inatoka kabla haijafanya kazi. Hapo ndipo kivungu cha pili kinapoitwa.

Chukua chupa mbili za soda, zitie maji sawasawa, uzining'inize kwa nyuzi za urefu mmoja kwenye kamba ya kuanikia nguo iliyolegea kidogo. Isukume moja. Itabembea, itafifia, itasimama, na wakati huo ile uliyoiacha imetulia itakuwa inabembea kwa nguvu. Kisha mwendo utarudi kwa ya kwanza. Ukizisukuma zote upande mmoja, zina mwendo wake. Ukizisukuma pande zinazopingana, zina mwendo mwingine. Mwendo mmoja umezaa miwili.

Vivungu viwili hufanya vivyo hivyo. Kamba yao ni kioo cha katikati: kikiwa na matabaka machache, nuru huhama upesi na rangi mbili huachana mbali, yakiwa mengi, rangi hizo hukaribiana. Mwaka 2010 Adrien Dousse, Pascale Senellart na wenzao nchini Ufaransa walitumia nguzo mbili ndogo zilizoshikana, kila moja ikiwa kivungu. Chembe iliyowekwa ndani ya moja ilitoa fotoni mbili, yaani punje mbili za nuru, zenye nishati tofauti na hivyo rangi tofauti, moja baada ya nyingine. Kivungu kimoja kingeafiki fotoni moja tu. Viwili kwa pamoja vilikuwa na rangi mbili, kila fotoni na yake, na jozi za fotoni zikatoka kwa wingi.

Uhusiano huo uitweje? Pacha hapana, maana vivungu vinaweza kutofautiana. Kuunganishwa kunaleta picha ya waya na gundi. Kufungamana kunatosha: msomaji analijua tangu siasa ya kutofungamana na upande wowote, na anajua kwamba waliofungamana hubaki wawili huku mwendo wa mmoja ukimgusa mwenziwe. Vivungu vya nuru vilivyofungamana: jina refu kidogo, lakini kila neno lina kazi.

Mwalimu wa fizikia wa Kalemie, au wa Kigoma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aanze na chupa zile mbili, kisha ndipo aliandike jina ubaoni.